Traxxas TRX-4 Defender kwa mawe ya Kisumu: pesa ya kwanza peleka kwa tairi na sevo, mota ingoje

Wacha nianze na bei juu hiyo ndio swali la kwanza kila mtu huuliza. Hii TRX-4 yangu, gari ya remoti ya kupanda mawe, nilitoa mkono wa pili hapa Milimani, kwa jamaa wa NGO alikuwa anahama Kisumu, elfu arobaini na tano pamoja na remoti na betri moja imechoka, na toka hapo nimeongeza kama elfu ishirini na kitu pole pole. Mpya ukiagiza kutoka Marekani, weka usafiri, weka ushuru, weka VAT ya asilimia 16, utapita hiyo hesabu mbali sana, na bado boksi inakuja bila betri na bila chaja. Kwa hivyo kama uko na elfu kumi mfukoni usijiumize roho, shuka chini mahali nimeongea kuhusu MN na WPL, zile ndogo za bei rahisi.

Kwa wenye hawajui, hii si ile gari ya remoti ya kukimbizana kwa lami. Krola inaenda pole pole, kazi yake ni kupanda mawe, na raha yote iko kwa kuangalia tairi moja moja ikitafuta mahali pa kushika. TRX-4 ilitoka 2017, saizi ni moja kwa kumi, na bodi waliyoanza nayo ndio hii ya Land Rover Defender 110, leseni wamelipa kabisa. Iko na keria juu, snoko, jeki, mitungi ya mafuta ubavuni, tairi ya spea nyuma. Sisi hii gari tumekua tukiiona ikibeba DO na maaskari, hakuna mtu huku anahitaji kuelezwa ni nini. Siku moja pale Kisian jaduong (mzee) mmoja aliizunguka mzima mzima akiwa ameweka mikono nyuma, akainama akachungulia chini, halafu akaniuliza, "Kijana, hii ni ya dizeli ama petroli?" Nikamwambia, "Mzee, hii inakunywa stima." Akasema basi si Land Rover.

Sasa tuingie chini yake juu huko ndio kuna kazi. Ekseli zake ni za potali, yaani kwa kila gurudumu kuna kaboksi kadogo ka gia, kwa hivyo ekseli yenyewe inakaa juu zaidi kuliko senta ya tairi. Ni mpango ule ule wa Unimog ya Mercedes. Faida ya kwanza utaiona na macho, katikati ya gari iko na kama milimita 80 kutoka chini, na tumbo la difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, haligongi kila jiwe unapita. Faida ya pili haionekani haraka lakini mimi ndio naipenda zaidi: vile gia ya mwisho iko kwa gurudumu, propela haibebi nguvu nyingi, na bodi haijipindi upande mmoja ukipiga mafuta. Krola za ekseli ya kawaida ukiwa kwa mwinuko ukifinya tu mafuta bega moja linainuka, na kama ulikuwa tayari umelalia upande unaenda chini. Hapa hiyo tabia iko lakini kidogo sana.

Halafu kuna loki za difu, na hapa ndio wengine wote wamebaki nyuma kwa maoni yangu. Ukiwa umesimama mbali unafunga difu ya mbele, ama zote mbili, ama unaziachilia zote, na kuna swichi ingine ya kubadilisha gia ya juu na ya chini. Kila kitu kinavutwa na kasevo kake, yaani kamota kadogo kanakotii remoti. Difu ikiwa wazi nguvu inakimbilia tairi yenye haina mzigo, ile inaning'inia hewani inazunguka bure na ingine imekaa tu. Ukifunga, zote mbili zinazunguka sawa. Shida ya kufunga ni kona, gari inataka uwanja mzima kugeuka, kwa hivyo mimi nikifika mahali pamebana naachilia ya nyuma, nageuza, nafunga tena.

Kuna mahali pale Kisian, mawe mawili makubwa yameegemeana yakaacha mfereji katikati, upana wake umezidi gari kidogo tu. Ukiingia na difu wazi, tairi ya mbele kushoto inapanda ukuta, ya nyuma kulia inainuka, na gari inabaki imesimama hapo ikichimba hewa. Ukifunga zote mbili ukiwa hapo hapo, bila kurudi nyuma, unasikia klik ndogo, halafu unafinya mafuta kidogo sana, kama hakuna, na inatambaa inatoka. Watoto wa hapo walipiga makelele ungedhani Gor Mahia wamefunga bao. Hiyo klik peke yake ndio inanifanya niseme hii gari ni worth, samahani, ni ya thamani ya pesa yake.

Na kabla mtu aniulize, hapana, siendeshi Kit Mikayi. Najua mawe ya pale ni matamu lakini pale ni mahali pa heshima, watu wanaenda kuomba. Kisian, Riat na huko juu Maseno ukielekea Maragoli kuna mawe yakutosha maisha yako yote.

Haya, tukuje kwa kuongeza vitu, juu hapa ndio naona wasee wakichoma pesa. Mtu akinunua krola kitu ya kwanza anataka mota kubwa. Ya nini? Mota ya TRX-4 ni Titan ya brashi, saizi ya 550, T 21 (waya ndani umezungushwa mara 21), na ukiweka kwa gia ya chini iko na nguvu ya kukupandisha mahali popote tairi inashika. Ikiteleza, ni tairi imeteleza, mota haina makosa. Ukiongeza mota kubwa utateleza haraka zaidi, basi. Mimi bado niko na ile ile imetoka nayo kiwandani, nimeblow tu vumbi na kuweka tone la oili kwa bushi.

Sevo ya usukani ndio ya kwanza. Ya kiwandani nguvu yake iko chini ya kilo 10, ambayo kwa njia ya kawaida ni sawa kabisa, lakini tairi ikiwa imebanwa katikati ya mawe mawili na uzito wote wa gari uko juu yake, unataka kilo 20 kuenda juu. Nilichukua ya kilo 25 yenye gia za chuma, meno 25 kwa shafti ndio ile pembe ya usukani iingie. Tofauti unaisikia siku hiyo hiyo, unageuza usukani gari ikiwa imesimama juu ya jiwe na magurudumu yanatii. Sasa hapa kuna kitu watu hawaambiwi. Sevo kubwa inakunywa stima sana ikikwama, na ile laini ndogo ya stima inayotoka kwa kontrola ya mota inaweza kushuka mpaka risiva (ile inapokea amri za remoti) inazima sekunde moja halafu inawaka. Ukiwa juu ya jiwe hiyo sekunde moja ni mingi. Dawa yake ni BEC ya kando, kaboksi kadogo kanachukua stima moja kwa moja kwa betri na kulisha sevo volti 6 ama 7.4 kulingana na vile sevo imeandikwa, na kama unalisha risiva yote kutoka hapo unatoa ule waya mwekundu wa kontrola kwa plagi yake ndio visisukumane. Usikate huo waya, itoe tu pini na uifunge na tepu, siku ukiuza utaihitaji. Na angalia ukiweka volti 7.4, zile sevo ndogo za loki zisipate hiyo stima kama hazijaandikwa zinaweza.

Kazi ya kusoda hizo nyaya, yaani kuziunganisha na risasi ya kuyeyusha, nilipeleka kwa fundi wa simu Kondele. Buda, yule kijana ana mkono. Plagi ya betri ya XT60 ina vikombe viwili vya brasi, wengi wanaweka soda kwa ncha wanaacha ndani imekauka, ukivuta inatoka. Yeye aliingiza waya kwanza kwa soda ukaloa wote, akajaza kikombe, akashika na koleo mpaka ikapoa bila kutetemeka, halafu akaweka ule mpira wa kujikunja akaupitishia moto wa kiberiti. Alinitoza mia moja na hamsini na kuniuliza kama niko na ingine. Hiyo ni huduma nitarudia.

Baada ya sevo ni tairi na uzito, na hivyo viwili viende pamoja. Tairi za kiwandani ni za inchi 1.9, mpira wake ni laini vizuri, shida ni moja, zimegundishwa na gluu kwa rimu, kwa hivyo huwezi ingia ndani kubadilisha sponji ama kuweka kitu. Kuna wenye huzichemsha kwa sufuria gluu ilegee, inafanya kazi lakini mke wa mtu atakufukuza jikoni. Mimi nilichukua rimu za bidloki, hizo zinashika tairi na ringi ya chuma na skrubu, hakuna gluu. Hizo skrubu ni nyingi na ni ndogo za kukasirisha. Usiku, taa ya sebule, mbu zinaimba, unashika skrubu na ncha ya alenki inaanguka kwa kapeti, ukipata hiyo ingine imepotea. Siri ni kufunga kwa msalaba, hii halafu ya upande ule mwingine, kila moja nusu kwanza, ukizunguka kwa mpangilio upande mmoja unakaza na ule mwingine tairi inatoka kwa mdomo wa rimu. Na usikaze na nguvu zote, ni skrubu za milimita 2, zinakatika kichwa.

Ndani ya rimu za mbele ndio nikaweka uzito. Wanauza mtandaoni ringi na nako (viungo vya usukani kwa gurudumu) za brasi, ni nzuri, na bei yake ni nzuri pia kwa muuzaji. Mimi nilienda garage ya balansi hapa Obote Road nikaomba zile risasi za kubandika, zile za gramu 5 na 10 zinakaa kwa karatasi moja. Jamaa akaniuliza, "Omera, gari gani?" nikamuonyesha picha akacheka mpaka akaita wenzake, lakini alinipatia kwa bei ya chai. Strip moja ni gramu 60. Nikapanguza ndani ya rimu na spiriti, nikabandika mviringo sawa sawa, moja kwa kila rimu ya mbele, nyuma nikaacha bila. Kazi ya huo uzito ni kuvuta gari chini na mbele, ndio ikiwa kwa mwinuko mkali pua isiinuke ikalala chali. Uzito ukiwa kwa gurudumu hauko juu ya shoki kwa hivyo bodi haibebi kitu. Hii ndio pesa kidogo zaidi nimewahi tumia kwa hii gari na ndio imebadilisha zaidi.

Upande wa juu nilifanya kinyume. Defender ni maridadi lakini inabeba vitu vingi juu na pembeni, keria, tairi ya spea, mitungi, na kwa mteremko wa ubavuni hizo gramu zote zinataka kukulaza. Spea nimetoa, inakaa kwa shelfu. Keria nimeacha juu bila hiyo hata haifanani na Land Rover, na mimi sitaki kuendesha sanduku. Mtu wa mashindano angetoa yote na kuweka bodi nyepesi, mimi si wa mashindano.

Shoki zake ni za aluminiamu zenye oili ndani, nimebadilisha tu springi kuwa laini kidogo na kuweka oili mpya ya silikoni. Naomba msiweke oili ya pikipiki ama ya injini kwa hizi shoki. Najua iko karibu na ni bei rahisi. Zile o-ringi ni za silikoni, oili ya petroli inazifura zinaanza kukwama na kuvuja. Subiri oili yenyewe ikuje.

Betri sasa. Hii ndio imenitoa jasho. Tangu 2016 betri za lithiamu zikiwa peke yake hazibebwi kama mzigo kwa ndege za abiria, kwa hivyo wauzaji wengi wa nje ukiweka LiPo kwa kikapu inakataa Kenya, ama inapitia njia ndefu. Nikanunua kwa duka moja la mtandaoni hapa hapa nchini, imeandikwa 5200 mAh (kipimo cha stima inabeba), seli 2, bei tamu. Nikiishika mkononi nikashuku, ilikuwa nyepesi kuliko ile ya zamani ya jamaa wa NGO iliyoandikwa chini ya hapo. Nikaitumia mpaka chini, nikarudisha kwa chaja yenye inaonyesha imeingiza ngapi, ikajaa kabla ifike hata nusu ya hiyo namba. Walinirudishia pesa baada ya mimi kuwatumia picha ya skrini ya chaja mara kadhaa, lakini usafiri nikalipa mimi. Kwa hivyo pima na mizani kabla utoe plastiki. Na kitu ingine, jua la Kisumu mnalijua, usiache LiPo kwa gari imeegeshwa. Ukirudi nyumbani usiiache imejaa wala imeisha, iache seli moja iko volti 3.8 hivi. Kontrola ya TRX-4 iko na taa, ikiwa kijani inalinda LiPo isishuke sana, ikiwa nyekundu hiyo ulinzi imezimwa. Angalia rangi kabla ya kuanza, kila siku, hasa kama umenunua kwa mtu alikuwa akitumia betri za NiMH, zile za zamani zisizo za lithiamu.

Seli 2 inatosha mawe. Seli 3 inaongeza mwendo na ujinga.

Maji, ndio, elektroniki zake zimezibwa, nimepita nayo vijito na matope ya Dunga bila wasiwasi. Lakini beringi hazijui kuogelea. Ukirudi toa magurudumu, kausha, weka oili nyepesi, zungusha na kidole usikilize kama kuna mchanga. Hii vumbi yetu nyekundu ikichanganyika na maji inasaga kila kitu.

Ukilinganisha na zingine: Axial SCX10 II ya 2016 ni rahisi zaidi kutengeneza, ekseli za kawaida, imefungwa difu moja kwa moja, vitu vichache vya kuharibika, na SCX10 III ya 2019 imekuja na potali pia. Element Enduro iko na ujanja mzuri kwa gia boksi, magurudumu ya mbele yanazunguka haraka kidogo kuliko ya nyuma, kwa hivyo yanavuta gari. Kama unataka kupanda mawe tu na hujali swichi, hizo mbili zitakupatia kazi sawa na fundi kidogo. TRX-4 ni nzito, iko na vipande vingi, na siku ya kuifungua utahitaji meza yote na subira.

Ya elfu kumi kushuka, kuna MN na WPL za China. MN82 imetengenezwa kama ile Land Cruiser 79 pikapu, ya polisi kabisa, saizi moja kwa kumi na mbili, na WPL C24 ni ndogo zaidi, moja kwa kumi na sita. Ni fowili ya ukweli, zinapanda mawe madogo, na mtoto atafurahi. Gia nyingi ni plastiki na hizo shoki ni springi tu, lakini kwa hiyo bei unataka nini. Usiwahi anza kuziongeza vitu vya chuma kimoja kimoja, utashtuka umetumia pesa ya krola ya ukweli na bado uko na MN.

Kama umepata TRX-4 ya mkono wa pili, usikubali kuonyeshwa ikikimbia kwa parking. Inua magurudumu yote juu, funga difu ya mbele, shika gurudumu moja na uzungushe, lile lingine lazima lifuate upande huo huo. Fanya hivyo nyuma pia. Badilisha gia ya juu na ya chini mara kadhaa, sikiliza kama inasita. Tikisa kila gurudumu, likicheza cheza beringi za potali zimeisha, si bei kubwa lakini ni ya kukata kwa bei. Chungulia kama kuna skrubu zimelika vichwa, hiyo inakuambia mwenyewe alikuwa akiifungua na kisu. Na akikuambia elfu hamsini bila chaja, mwambie chaja ikuje ama arobaini.